Amri ya kulipa: maana yake nini?

Wanafunzi wenzetu, wengi kati yetu wazazi wao wanachuruza. Kwa hiyo tunataka kueleza jambo moja la tribinali.

Tuseme baba mmoja wa Lubumbashi alipeleka mifuko 40 ya unga kwa mwenye duka. Huyu alitia sinyatire kwenye fakitire, akasema atalipa mwisho wa mwezi. Mwezi ulipita, feza hakuna. Baba afanye nini? Kesi ndefu inaweza kukula feza kupita ule unga.

Sheria iko na njia fupi. Tangu mwaka 2012 Kongo yetu inafuata sheria za OHADA, muungano wa inchi 17 juu ya biashara. Mwenye kudai anapeleka ombi kwa mukubwa wa tribinali ya biashara, pamoja na makaratasi. Mukubwa anayasoma tu, bila kumwita mwenye deni. Anatafuta mambo matatu: deni ni la hakika, hesabu yake inajulikana, siku ya kulipa imekwisha kufika. Kama yote iko, anatoa amri ya kulipa.

Je, mwenye deni hana kinywa? Anacho. Wisie anamupelekea ile amri. Kama unga ulikuwa mubovu, anaweza kuipinga katika siku chache zilizowekwa na sheria, na hapo pande zote mbili zinasikilizwa. Akinyamaza, amri itatiwa nguvu, na vitu vyake vitaweza kukamatwa.

Basi tuambie wazazi: mushike makaratasi yenu, na barua ya tribinali musiifiche chini ya godoro.