Haja za Mzigo Kabla ya Programu

Programu ya kusimamia usafirishaji ni chombo cha kompyuta au simu kinachoandika safari ya mzigo: nani kautuma, umepakiwa kwenye nini, uko wapi, umefika na uzito gani, na nani anadaiwa nauli. Kampuni kubwa kama SAP ya Ujerumani na Oracle ya Marekani huuza programu za namna hiyo, na ndogo zinazolipiwa kwa mwezi ni nyingi. Nyingi kati yake huchukulia kwamba lori litatoka bohari moja na kufika jingine kwa barabara ya lami, siku iliyopangwa, likiwa ndani ya mtandao wa simu njia nzima. Mzigo wa Kindu, mji wa mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, hausafiri hivyo. Mwenye kampuni ya uchukuzi mjini humo akitazama programu kabla ya kuandika biashara yake inahitaji nini, atalipia mengi asiyoyatumia na kukosa kile anachokihitaji kila siku.

Kuandika mahitaji kunaanza na ramani. Kindu iko ukingoni mwa mto Lualaba, mahali ambapo reli kutoka kusini inakoma na mto unaanza kupitika kwenda kaskazini. Kampuni ya CFL, iliyoundwa 1902, ilijenga reli pale maporomoko yalipoziba mto: kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, zilizofunguliwa 1906, kisha kilomita 355 hivi kutoka Kindu hadi Kongolo, ili kulikwepa korongo la Portes d'Enfer. Kati ya Kindu na Ubundu mzigo uliachiwa maji, kwa zaidi ya kilomita 300. Tangu reli ya Kabalo ilipounganishwa na Kamina mwaka 1956, behewa linaweza kutoka Lubumbashi hadi Kindu bila mali kuhamishwa. Mali ya Dar es Salaam haina bahati hiyo. Hupanda treni hadi Kigoma, huvuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie, hupanda treni tena kupitia Kabalo. Na hata kama behewa lenyewe lingevushwa ziwa lisingeendelea, kwa kuwa reli ya zamani ya Kigoma ina upana wa milimita 1,000 na ya Kalemie 1,067.

Kwa hiyo haja ya kwanza ya mchukuzi wa Kindu ni kuandika makabidhiano, kabla hata ya kuandika safari. Mzigo unapopakuliwa ndipo mfuko hupasuka, ndipo hesabu hukosana, ndipo dhamana huhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mali ya behewa moja inaweza kugawanywa katika boti tatu za mbao, zile balenieri za mtoni, zikaondoka siku tofauti na mali ikakutana tena Ubundu. Programu isiyoweza kugawa shehena na kuiunganisha upya, huku ikionyesha idadi iliyotolewa na iliyopokelewa kila kituo, haifai, hata kama ramani zake zinapendeza.

Mahitaji ya aina hii hayapatikani kwenye meza ya mkutano. Hupatikana kwa kuufuata mzigo mmoja kutoka stesheni hadi ukingoni, na kwa kukaa na karani akiwa na daftari lake. Karatasi zote zikusanywe: bordero (orodha ya mali inayosafirishwa), hati ya treni, risiti za ushuru, orodha ya magazinieri, yaani mtunza bohari. Pembezoni mwa daftari pasomwe kwa makini kuliko safu zake zilizopigwa mistari, maana ndipo karani huandika yale ambayo fomu haikuyapa nafasi: mifuko mitatu imelowa, boti imengoja mafuta, mwenye mali amelipa nusu. Kila maandishi ya namna hiyo yakijirudia, hapo kuna hitaji.

Nusu hiyo iliyolipwa huenda ni faranga, na salio likaja kwa dola. Programu lazima ishike sarafu zote mbili na kiwango cha kubadilisha cha siku ya malipo. Muda nao una taabu yake: treni isipokuwa na siku ya uhakika, sehemu ya tarehe ya kufika ikubali makadirio, sababu ya kuchelewa, na siku ambazo mali imelala bohari. Mtandao hukatika kwa masafa marefu mtoni, hivyo simu ya msimamizi wa boti iweze kuandika bila mtandao na kutuma baadaye. Hati za serikali ni za Kifaransa, lakini wapakiaji husemezana Kiswahili. Skrini zao ziwe katika lugha hiyo.

Anayebeba kasiteriti, madini ya bati, ana hitaji zito zaidi. Katika ITSCI, mfumo wa kufuatilia asili ya madini unaotumika mashariki mwa Kongo, gunia hufungwa lakiri yenye namba mgodini, kisha lakiri nyingine kwa mnunuzi baada ya madini kusafishwa na uzito kubadilika. Programu ihifadhi namba zote mbili na uzito wa mara zote mbili, la sivyo asili ya gunia haiwezi kuthibitishwa mbele ya safari.

Orodha ikikamilika, itengwe: yaliyo lazima, yanayofaa, yanayoweza kungoja. Kila la lazima liandikwe kwa namna inayopimika. "Programu iwe rahisi" hakumfungi muuzaji yeyote. "Karani aandike makabidhiano ya mifuko 400 kwa dakika tano bila mtandao" kunamfunga. Hapo ndipo wauzaji huitwa, nao hupewa shehena ya kweli ya kampuni, hasa ile iliyoharibika njiani, waiingize wenyewe huku simu imezimwa data. Bei ihesabiwe kwa miaka mitatu au minne pamoja na mafunzo, na mkataba useme kampuni itachukuaje kumbukumbu zake ikihama.

Kampuni inayopokea mabehewa mawili kwa mwezi huenda ikagundua kwamba haja zake zote zinatoshelezwa na bordero mpya iliyochapishwa vizuri, yenye nafasi ya sahihi mbili kila kituo, na jedwali moja la kompyuta ofisini.