Godoro la mwanafunzi lipimwe kwa mzani

Serikali ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne Januari 2016, na katika mwaka wa fedha 2022/23 ikafuta na ya kidato cha tano na sita. Godoro halikufutwa. Mzazi wa Nyakunguru, mkoani Mara, ambaye mwanawe amepangiwa shule ya bweni bado anachapishiwa fomu ya maelekezo yenye orodha ile ile: godoro la futi mbili na nusu kwa sita, mashuka ya rangi iliyotajwa, blanketi, mto na foronya zake, chandarua. Fomu hufika zikiwa zimebaki wiki chache mtoto aripoti. Basi familia inapanda gari hadi Nyamongo au Tarime mjini, inaingia duka moja na kununua vyote siku hiyo hiyo, ikianza na kinachovutia macho. Kinachovutia macho kwa kawaida ni shuka lenye maua na blanketi la manyoya. Godoro linanunuliwa kwa chenji.

Mimi ningegeuza utaratibu huo. Nusu nzima ya fedha za matandiko iende kwenye godoro, hata ikibidi mashuka yatoke kwenye mitumba na mto ushonwe nyumbani. Mtoto wa kidato cha tano atalilalia miaka miwili, na akifaulu atalibeba tena kwenda chuo. Shuka lililochanika linazibwa kwa uzi. Godoro lililobonyea halina fundi.

Sponji ya godoro ni povu la kemikali lililoganda. Kiwandani huchanganywa vimiminika viwili vikuu, polioli na isosayaneti, pamoja na maji kidogo. Vikikutana hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo huumua mchanganyiko wote kama hamira inavyoumua unga wa maandazi. Anayetaka kutengeneza godoro la bei ya chini anaumua zaidi: malighafi kidogo, upepo mwingi. Kwa macho huwezi kutofautisha. Magodoro mawili yaliyovishwa kava la kitambaa kimoja, yenye unene mmoja, yanaweza kuwa mbali kabisa kwa nguvu.

Wataalamu hupima nguvu hiyo kwanza kwa densiti, yaani kilo za sponji zilizomo katika mita moja ya ujazo. Hesabu yake si ngumu. Godoro la futi mbili na nusu kwa sita, unene inchi nne, lina ujazo wa mita 0.14 hivi. Sponji ya densiti 15 itakupa kilo 2.1. Ya densiti 20 itakupa kilo 2.8, na ya densiti 25 itafika kilo 3.5. Sasa chukua godoro la inchi sita la densiti 15: linakuja kilo 3.2. Maana yake ni kwamba godoro nene linaloonekana la kitajiri linaweza kuwa jepesi kuliko jembamba lililo imara, na mzazi akiulizwa achague kwa kutazama tu atachukua lile nene. Mtoto ataliona nene kwa muda mfupi. Baadaye katikati, panapokaa nyonga, patakuwa na shimo, na usiku atakuwa anahesabu mbao za kitanda kwa mbavu.

Kwa hiyo dukani ongozana na mzani wa kuning'iniza, ule wa ndoano unaotumika kupimia nyama na samaki. Ukikosa wako, mwenye bucha jirani atakuazima. Muuzaji atacheka. Atakwambia, “Mama, hili ni inchi sita kamili, pamoja na mzani unataka nini tena?” Mwache acheke, funga godoro kwa kamba, lining'inize. La inchi nne likiwa chini ya kilo mbili na nusu, rudisha. Kumbuka pia kwamba kava nalo lina uzito wake, kwa hiyo usilihesabu kama sponji. Kisha toa futikamba upime unene kwenye kona, maana inchi sita za mdomoni huenda zikawa tano za kweli.

Mzani nao unaweza kudanganywa. Wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa, aina ya chaki, ndani ya povu ili uzito upande bila nguvu kupanda. Dawa yake ni kufungua zipu ya kava na kuishika sponji yenyewe. Isugue kwa kidole gumba: ikimwaga vumbi jeupe au kumegeka chembe chembe, iache. Halafu ikandamize kwa goti kwa nguvu zako zote, uondoe goti na kutazama. Sponji nzuri inarudi papo hapo. Inayorudi kwa uvivu dukani, ikiwa mpya, haitarudi kabisa bwenini. Tazama pia kama kuna alama ya ubora ya TBS, na mwambie kijana mwenyewe alale: “Mura, lala hapo ulijaribu.” Aone aibu, lakini alale kwa ubavu, kwa kuwa uzito wote hukusanyika begani na kwenye nyonga, na hapo ndipo atakapohisi kama chini kuna kitu au hakuna.

Inchi nne au sita? Kwa vitanda vya deka nachagua inchi nne zilizoshiba. Anayelala juu analindwa na ubao wa pembeni, na kila inchi ya godoro inaupunguza ubao huo. Kuna jambo jingine hapo ambalo wazazi hulisahau: chaga. Mbao za chaga zikiwa zimeachana kupita upana wa kiganja, godoro lolote litazama katikati yake hata kama umelipa fedha nyingi. Kipande cha boksi gumu au gunia lililokunjwa mara mbili juu ya chaga huokoa godoro bila gharama.

Ile nailoni ya dukani iondolewe siku ya kwanza. Wazazi huiacha wakidhani inalinda godoro, kumbe inafungia jasho na baada ya muda sponji inanuka uvundo. Kama hofu ni hedhi au mtoto mdogo anayekojoa, nunua kipande cha kitambaa cha mpira cha kutandika mezani, kikatwe kitoshee eneo la katikati tu, kilale chini ya shuka. Jina la mtoto liandikwe kwa wino usiofutika kwenye sponji yenyewe, ndani ya kava, kwa sababu kava hubadilishwa kirahisi.

Mashuka hayahitaji maneno mengi. Godoro la futi mbili na nusu linahitaji shuka la upana wa futi nne na urefu wa futi saba na nusu hivi ili libaki la kuchomeka. Mashuka ya sita kwa sita yanayouzwa kwa jozi mara nyingi yana upana wa karibu futi nane. Pima kwanza, kisha mpelekee fundi cherehani akate kila moja katikati kwa urefu na kupiga pindo. Jozi moja inazaa mashuka manne, yanatosha wiki zote za mvua. Shule ikidai rangi moja isiyo na maua, kitambaa cha kupima kwa mita hutoka nafuu kuliko shuka lililofungwa kwenye mfuko wenye picha. Chagua pamba, au mchanganyiko wenye pamba nyingi. Yale ya kuteleza hung'aa siku ya kuripoti, lakini hayanyonyi jasho na hutoka kitandani kila mtu anapogeuka. Inauma kidogo kusema haya katika mkoa huu wa Mara unaolima pamba, Serengeti na Bunda, na ambao una jengo la kiwanda cha nguo cha Mutex pale Musoma, huku mashuka ya madukani yakitoka Asia.

Blanketi linategemea mtoto anakwenda wapi. Kidato cha tano kinaanza Julai, mwezi wa baridi. Aliyezoea joto la bonde la Mto Mara akipangwa Tarime mjini, ambako mwinuko unafika mita 1,500 hivi, blanketi moja la wastani linatosha. Akipangwa Njombe au Malangali kule Mufindi, hilo litakuwa mzaha. Hapo mpe mawili mepesi badala ya moja zito. Kinachotia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na kati ya mablanketi mawili kuna tabaka la hewa la ziada. Siku za joto moja analitandika chini ya shuka. Aliyepangwa Tabora au Kibaha anaweza kwenda na moja jepesi, chenji ikarudi kwenye godoro.

Duveti za mitumba ni nzuri, zinapendeza na bei yake inashawishi. Mimi simpi mwanafunzi. Zitafuliwa kwa beseni na kuanikwa kwenye ua wa watu mia tatu, na zikinyeshewa hazikauki siku mbili. Blanketi la mitumba sina ugomvi nalo, mradi ukaguliwe mshono wake kabla hujalipa. Kunguni hukaa kwenye mishono: tafuta vidoti vyeusi vya kinyesi chake na mayai meupe madogo kuliko punje ya mtama. Hata usipoona kitu, likifika nyumbani liloweke kwenye maji ya moto kweli kweli, nyuzi joto 60 na kuendelea, ndipo ufue. Kunguni haambukizi malaria, ila akiingia bwenini hatoki kwa maombi. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri godoro la mtumba hata la bure, kwani huwezi kuloweka sponji katika maji ya moto na kuwa na uhakika wa kilichomo katikati.

Kabla ya kununua chandarua, fungua kabati. Kliniki hugawa vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito na kwa watoto wanaopata chanjo ya surua, na tangu 2013 upo mpango wa kuvigawa kupitia shule, ulioanzia mikoa ya kusini. Huenda kimoja kimelala humo kwenye mfuko wake. Hivi vya dawa ya muda mrefu, kama vinavyotengenezwa A to Z kule Arusha, vimeundwa kustahimili mifuo 20 hivi kwa sabuni ya kawaida, vikianikwa kivulini. Kwa deka hakikisha ni cha pembe nne, chenye kamba kila kona. Kile cha duara kinahitaji ndoano moja juu katikati, na anayelala chini ya mwenzake juu yake kuna chaga tu.

Mto ndio wa kubana zaidi. Wauza magodoro huwa na vipande vya sponji vilivyokatwa pembeni. Mfuko mmoja wa vipande hivyo ndani ya foronya iliyoshonwa kwa gauni la zamani unatosha kabisa.

Kuna hatari moja ambayo muuzaji hatakutajia. Sponji inawaka upesi, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sayanaidi ya hidrojeni. Juni 1994 moto uliingia bweni la Shauritanga kule Rombo, wakafa wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009 wakafa 12 Idodi, Iringa, na lawama ikaelekezwa kwa mshumaa wa kusomea. Kwa hiyo ninapohesabu bajeti ya matandiko naingiza humo na taa ndogo ya sola. Nailazimisha zaidi kwa wanafunzi wa shule za kata wanaopanga geto, ambako mshumaa, jiko na godoro hukaa katika chumba kimoja. Mwenye geto ana shida nyingine ya sakafu: godoro likilazwa moja kwa moja juu ya saruji, unyevu hukusanyika chini yake na ukungu unaota. Mbao chache za paleti chini yake, na kulisimamisha ukutani kila asubuhi, vinatosha.

Wa chuo hali yake ni tofauti kidogo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo una fedha ya chakula na malazi, lakini fedha hiyo, wanayoiita boom, huingia baada ya usajili, na kulala kunaanza usiku wa kwanza. Apige simu kwanza aulize kama hosteli aliyopangiwa ina magodoro, kwa kuwa baadhi zinayo.

Kuhusu usafiri, kutoka Tarime hadi Njombe ni zaidi ya kilometa 1,000, na kondakta atalitoza godoro kama mzigo kila mnapobadili gari. Kwa safari za namna hiyo nanunua vitu vyote laini nyumbani na kuliacha godoro linunuliwe mji mkubwa wa mwisho kabla ya shule, Iringa kwa mfano. Lisingoje lango la shule, ambako wiki ya kuripoti wauzaji wanajua huna pa kukimbilia.

Kinachofanya orodha iwe nzito ni kununuliwa kwa siku moja. Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwanzoni mwa mwaka, kisha TAMISEMI hutangaza nani amepangiwa wapi, na kuripoti ni Julai. Mtoto aliyepata daraja linaloeleweka, anza naye mapema: chandarua na mashuka kwa zamu ya kwanza ya kikoba, mto na taa kwa ya pili. Blanketi lingoje mkoa ujulikane. Godoro, ingawa fedha yake imetengwa kwanza, linunuliwe mwisho, fomu ikishasomwa na upana wa kitanda ukijulikana. Likinunuliwa safarini, mpe kijana futikamba na mzani mdogo, na fedha ya godoro ikae mfuko wake, mbali na nauli.