Ukigusa pini kwenye ramani ya simu, nani anakujibu?

Ni usiku, unatafuta duka la dawa. Unafungua ramani kwenye simu, unagusa pini, na kisanduku kidogo kinatokea: jina la duka, namba ya simu, saa za kufungua. Unapanda bodaboda. Ukifika, unakuta kufuli mlangoni.

Sasa, yale maelezo aliyaandika nani?

Pini haijui kitu

Pini yenyewe inajua mahali ilipo tu. Inabeba namba mbili, latitudo na longitudo. Kwa katikati ya Dar es Salaam ni kama -6.8 na 39.3.

Maneno unayosoma yanatoka kwingine: kwenye jedwali lililohifadhiwa mtandaoni. Kila sehemu ina mstari wake wenye jina, simu, saa na picha. Ukigusa pini, programu inautafuta mstari huo na kukuonyesha kilichomo, kiwe sahihi au cha zamani.

Mstari mmoja, pini nyingi

Tuseme kuna ramani ya zahanati 20 zinazotumia namba moja ya dharura. Mtengenezaji akiiandika mara 20, namba ikibadilika itabidi airekebishe mara 20. Akisahau moja tu, kuna mgonjwa atapiga simu isiyopokelewa.

Njia nzuri ni namba kukaa sehemu moja, na pini zote 20 ziisome hapohapo. Ukibadilisha mara moja, visanduku vyote vinabadilika. Lakini ikikosewa hapo, imekosewa kote.

Wanaojaza ni watu kama wewe

Kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2004, yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza au kurekebisha taarifa. Google Maps nayo inapokea mapendekezo ya watumiaji.

Kenya ilionyesha mapema nguvu ya jambo hili. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilizaliwa Ushahidi. Wananchi walituma taarifa kwa SMS na intaneti, zikawekwa kwenye ramani. Ukigusa alama, unasoma kilichotokea pale. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, programu hiyohiyo ilitumika kuonyesha walipo watu waliohitaji msaada. Wengi walituma ujumbe kwa namba 4636, na wanaojitolea wakautafsiri kutoka Krioli.

Ila mlango ulio wazi kwa wema uko wazi kwa matapeli pia. Mwaka 2018, polisi wa jimbo la Maharashtra, India, walipokea malalamiko kuhusu namba za benki zilizobadilishwa kwenye ramani ya mtandaoni. Mteja anadhani anaongea na benki yake, kumbe anamtajia tapeli siri za akaunti. Hela zinaondoka.

Kabla hujaamini kisanduku

• Angalia tarehe. Maoni na picha za karibuni zitakuambia kama sehemu bado ipo. Kwenye OpenStreetMap unaweza kuona taarifa ilihaririwa lini na nani.

• Namba ya benki itoe nyuma ya kadi yako au kwenye tovuti rasmi. Na PIN hapewi mtu, hata anayejiita meneja.

• Kama safari ni ya haraka au ya mbali, piga simu kwanza.

• Ukiripoti tukio nyeti, usitaje jina wala nyumba ya mtu. Kisanduku kinasomwa na kila mtu, hata yule anayemtafuta shahidi.

• Ukikuta kosa, lirekebishe. Ni dakika mbili tu, na anayefuata kugusa pini ile huenda amebeba mtoto mgonjwa.