Nani Aliyetufundisha Kutazama?

Mpita njia atembeaye katika Barabara Kuu ya mji wa Jinja, akiinua macho juu ya milango ya maduka, hukutana na maandishi yasiyoandikwa kwa kalamu. Ni majina ya watu na miaka ya kujengwa kwa nyumba, yaliyofinyangwa kwa saruji kwa amri ya wafanyabiashara wa Kiasia, kabla jamii yao haijafukuzwa nchini mwaka 1972. Wengi wa wenye majina hayo hawapo tena, lakini herufi zao zingali zinasomeka. Fundi aliyezipima aliijua kazi yake: alijua unene wa kila herufi, nafasi iliyo baina ya moja na nyingine, na umbali wa jicho litakalozisoma.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iitwayo leo usanifu wa michoro. Ni kazi ya kupanga herufi, picha na rangi ili zimwambie mtu jambo bila ya msemaji kuwapo. Wako wanaoidhani kuwa ni pambo tu. Hao wamesahau kwamba kibao cha zahanati kisichosomeka humpoteza mgonjwa, na kwamba karatasi ya dawa iliyopangwa vibaya yaweza kumdhuru mtoto.

Wakazi wa Jinja wana sababu nyingine ya kuijua kazi hii, nayo ni nguo. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake ulivipa nguvu viwanda vya mji huo, kikiwamo kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho watu wamekizoea kwa jina la Nytil. Sasa, kitambaa cha maua kabla hakijawa kitambaa ni mchoro juu ya karatasi. Kila rangi hutengewa chapa yake, na mwisho wa mchoro sharti ukutane na mwanzo wake, ili nguo iendelee dhiraa kwa dhiraa bila ya kuonyesha mahali ilipoungwa. Mashine haiwezi kulibuni jambo hilo yenyewe. Sharti awepo mtu aliyefundishwa.

Ni nani basi aliyeanza kuwafundisha watu wa nchi hii kazi hiyo katika shule? Jibu latupeleka Kampala, katika baraza ya nyumba moja kilimani Mulago. Hapo, mwaka 1937, Bibi Margaret Trowell alianza kuwafundisha kuchora wanafunzi wachache. Alizaliwa mwaka 1904, akasomea sanaa katika shule ya Slade mjini London, akaja Afrika ya Mashariki mwaka 1929 pamoja na mumewe aliyekuwa daktari. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikaonyeshwa London. Darasa lile la barazani likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hata leo ina jina lake.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja na rahisi. Hakuwawekea wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia habari, kisha akawataka wachore walichokiona kwa jicho la moyo. Tena alivithamini vyombo vya kienyeji. Alilitunza Jumba la Makumbusho la Uganda, na mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann, akatoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Mwaka 1960 akatoa kingine juu ya nakshi za Afrika, ambamo alizichunguza nakshi za mikeka, nguo, shanga, vibuyu, vyungu na mbao.

Ndani ya uchunguzi huo limo somo kubwa. Nakshi haitoki hewani. Hutoka katika kazi yenyewe. Msukaji wa mkeka hupishanisha majani, na kwa hiyo mistari yake huenda mshazari na kupanda ngazi kwa ngazi. Mfinyanzi huuzungushia mkono wake chungu, na kwa hiyo mapambo yake huwa mikanda. Ajuaye hivyo hahitaji kuazima macho ya mtu mwingine.

Hata hivyo, njia hiyo ilipata wapinzani. Bibi Trowell alistaafu mwaka 1958, na nafasi yake ikashikwa na Cecil Todd, aliyetoka Afrika ya Kusini. Todd aliona kwamba kumfungia mwanafunzi wa Kiafrika asione kazi za ulimwengu ni kumnyima haki yake. Akaleta elimu ya rangi na historia ya sanaa ya mataifa. Yamkini wote wawili walikuwa na ukweli. Asiyekijua cha kwao huwa mwigaji, na asiyekijua cha wenzake huwa kama chura wa kisimani.

Aliyeonja mafundisho ya shule ile tangu mwanzo ni Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Kenya. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Bibi Trowell, kisha akawa mwalimu papo hapo Makerere. Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962 ni kazi ya mikono yake. Baadaye alirudi kwao Kenya, akafundisha usanifu Nairobi. Hivyo mbegu ya barazani ilivuka mpaka.

Je, mbegu hiyo imeota Mbale? Mahali penyewe hapana upungufu wa mafunzo. Kila mwaka wa shufwa, vijana wa Kigisu huingia katika tohara ya imbalu wakiwa wamevaa shanga, njuga na ngozi za mbega nyeusi na nyeupe. Ukishika njia ya Soroti kutoka mjini, utafika wilaya ya Kumi, na huko, katika miamba ya Nyero, watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu duara ndani ya duara. Ni nani atakayesema kwamba upande huu wa nchi haujui kuchora?

Tangu mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari za chini umeliweka somo la sanaa na usanifu miongoni mwa masomo ya kuchagua. Hilo ni jambo jema. Lakini wakati huo huo mchora vibao wa mtaani anapoteza kazi yake kwa mabango ya plastiki yanayotolewa na mashine, mengi yakiwa na picha zilizookotwa popote. Mashine si adui. Hatari ni kuwa na mashine mikononi mwa watu wasiofundishwa kutazama.

Mwalimu asiye na sanduku la rangi asikate tamaa. Mkaa upo, udongo mwekundu upo, na mkeka uko sokoni. Awachukue wanafunzi wake wakautazame ulivyosukwa, kisha awaulize kwa nini mistari yake imekwenda mshazari. Bibi Trowell alikuwa na baraza tu alipoanza.