Zana za Mlimani Mbele ya Ukaguzi wa Uwanja wa Ndege

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha, hupokea wapanda mlima wanaoelekea kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, na hupitiwa pia na waongozaji wa Moshi wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo. Wote hao hubeba zana ambazo mlimani huokoa maisha, ilhali ndani ya ndege huhesabiwa kuwa hatari.

Kanuni za ukaguzi, ambazo mataifa huziweka kwa kufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, hutenganisha hatari za namna mbili. Ya kwanza ni ya kifaa kinachoweza kugeuzwa silaha. Kwa sababu hiyo, shoka la barafu, kisu na bisibisi ndefu havikubaliwi katika mzigo wa mkononi, bali huwekwa katika mzigo unaokabidhiwa kwa shirika la ndege, vikiwa vimefungwa ncha ili visimjeruhi mpakiaji wala mkaguzi. Kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu ili mtu asiteleze kwenye barafu, nazo ni salama zaidi zikifungashwa hivyo hivyo.

Hatari ya pili ni moto, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba mzigo wa kukabidhi hupokea kila kitu. Kopo la gesi ya kupikia haliruhusiwi popote ndani ya ndege ya abiria, hata likiwa limetumika, kwa kuwa mabaki yake huweza kuwaka. Jiko lenye harufu ya mafuta nalo huweza kukataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Betri ya akiba ya lithiamu, ikiwemo pawabenki, hubebwa mkononi tu, kwa maana ikishika moto wahudumu wataiona na kuizima mapema. Kikomo chake cha kawaida ni wati-saa 100, kipimo cha nishati kinachopatikana kwa kuzidisha miliampia-saa kwa volti na kugawa kwa 1,000. Hivyo pawabenki ya miliampia-saa 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, nayo huruhusiwa.

Mtungi wa oksijeni, ambao waongozaji huubeba kwa ajili ya wanaougua kwa kukosa hewa ya kutosha mlimani, huhitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari. Basi kila msafiri na aulize mapema, na gesi ya kupikia aitafute akishafika.