Verni ya jeli nyumbani: haikauki kwa upepo, inangoja mwanga

Msimu wa ndoa ukifika hapa Bukavu, wasichana na wamama wanatafuta kucha zinazoendana na kikwembe chao. Wengi hawaendi tena kwa saluni. Wananunua taa ndogo na chupa mbili tatu za verni ya jeli, ile inayoitwa pia verni ya kudumu, na wanajifanyia nyumbani. Wengine wanaanza na dada na jirani, kiisha inakuwa kazi ya kuwalipia watoto masomo.

Kwa macho, kazi inaonekana nyepesi. Lakini kuna jambo moja ambalo asiyelijua anaweza kuharibu kucha, hata ngozi yake: verni ya jeli haikauki.

Mwanga unafanya nini?

Verni ya kawaida iko na maji makali yanayoruka hewani. Ndiyo maana tunaipuliza. Jeli si hivyo. Ndani yake mna viungo vinavyoitwa akrilati, pamoja na kiungo kingine kinachoamshwa na mwanga wa taa. Taa ikiwaka, akrilati zinashikana na kuwa kitu kimoja kigumu kama plastiki. Taa ya LED mara nyingi inachukua dakika moja ama chini yake. Zile za zamani za tyubu, karibu dakika mbili. Bila mwanga, hata ukingoja saa nzima, jeli itabaki mbichi.

Hiyo ni faida kwa mwenye kuchora: hana haraka. Akikosea mstari, anapangusa na kuanza upya kabla ya kuwasha taa. Ni hatari vilevile: pale mwanga haukufika vizuri, jeli inabaki mbichi hata kama juu inaonekana ngumu.

Namna ya kufanya

Kwanza, nawa mikono na kausha vizuri. Sukuma ngozi ya mzizi wa kucha polepole kwa kijiti. Sugua kucha kidogo tu, mng'ao uondoke, kiisha pangusa kwa alkoli. Mafuta yakibaki, verni itabanduka kwa siku chache.

Paka verni ya chini, nyembamba, na uache nafasi kama unene wa uzi kati yake na ngozi. Ikigusa ngozi, ipanguse kabla ya taa. Kiisha paka rangi mara mbili, nyembamba kila mara, na kila mara upite kwa taa. Rangi nyeusi na zile nzito zinazuia mwanga kupenya, kwa hiyo zipake nyembamba zaidi. Ukipaka nene, utasikia kucha inaungua chini ya taa, na ndani itabaki mbichi. Kidole gumba kipitishe peke yake, juu kikiwa pamoja na vingine kinalala upande na mwanga hauifikii kucha yote.

Sasa mapambo. Ua ni rahisi: kwa ncha ya kibanio cha nywele, weka matone matano ya rangi kuzunguka tone moja, kiisha taa. Kwa mistari ya kikwembe, tumia brashi nyembamba sana, na upite kwa taa baada ya kila rangi ili zisichanganyike. Ukitaka zichanganyike kama jiwe la marumaru, fanya kinyume: weka rangi mbili zikiwa mbichi, zivute kwa ncha ya sindano, ndipo uwashe taa. Kuna pia jeli ya jicho la paka, yenye unga wa chuma ndani. Unaweka sumaku karibu na kucha bila kugusa, unga unajipanga kuwa mstari unaong'aa, na taa inaugandisha papo hapo.

Malizia na verni ya juu. Baada ya taa, aina nyingi zinabaki na utando wa kunata. Upanguse kwa pamba yenye alkoli, si kwa kidole. Ule utando ni jeli ambayo haikuganda.

Hatari iko wapi?

Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuanza kuikataa. Dalili ni kuwashwa, wekundu na malengelenge madogo kando ya kucha, ama kucha kuinuka kutoka nyama yake. Wakati mwingine zinatokea kwenye kope za macho, juu mikono inagusa uso. Mwili ukishazoea kuikataa, kwa kawaida hauachi. Na viungo vya jamii hiyo viko pia katika dawa fulani za kuziba meno, ni kusema tatizo linaweza kukurudia kwa munganga wa meno.

Ndiyo sababu nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2021, zinataka jeli zenye kiungo kiitwacho HEMA ziuzwe kwa mafundi tu. Kiungo kingine, TPO, walikikataza kabisa katika vipodozi mwezi wa 9 mwaka 2025. Kabla ya kununua chupa sokoni, tafuta majina hayo juu ya karatasi yake. Chupa isiyoandikwa chochote, iache.

Kwetu kuna shida nyingine: umeme. Taa ikichomekwa kwa betri iliyochoka, inaweza kutoa mwanga hafifu na kukudanganya. Usipake kama huna uhakika wa kumaliza. Na usiache chupa wazi karibu na dirisha, jua linaigandisha jeli.

Kuitoa

Usibandue kwa meno wala kwa kisu: jeli inaondoka na tabaka la kucha. Sugua juu kidogo, weka pamba yenye asetoni, funga kwa karatasi ya alumini, ngoja dakika 10 mpaka 15. Asetoni inashika moto upesi sana, kwa hiyo iwe mbali na mbabula na mshumaa, na dirisha liwe wazi.

Anayepokea wateja nyumbani ndiye anayegusa jeli kila siku kuliko wote. Glavu za mpira wa kawaida hazimkingi, jeli inazipenya kwa dakika chache. Za nitrili ni afadhali, akizibadilisha mara nyingi. Akiona vidole vinawasha, asimamishe kazi na aende kituo cha afya, kabla kazi yenyewe haijamfungia mlango.