Homa Moja, Damu Mbili

Mbu wa bonde la Pangani hachagui mlango. Hapa Old Korogwe anaweza kuwauma watoto wawili wa tumbo moja waliolala chini ya chandarua kimoja kilichochanika. Wa kwanza anapewa dawa mseto, siku chache baadaye yuko nje anacheza. Wa pili anakimbizwa Hospitali ya Magunga akihema, viganja vimepauka, macho ya manjano. Anahitaji kuongezewa damu usiku huohuo.

Tofauti yao wamezaliwa nayo: wa pili ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu huishi kati ya 10 na 20 tu, ikapasuka. Mwili wake unashinda ukitengeneza damu na bado haitoshi. Malaria nayo kazi yake ni kuzipasua chembe hizohizo, kwa mtu ambaye hana akiba. Bandama, ambayo ingechuja vijidudu, kwa wengi wenye selimundu huharibika wangali wadogo, kwa hiyo bakteria nao hupata njia. Lakini kwenye rejista ya hospitali huandikwa neno moja: malaria.

Wengi tumesikia kwamba selimundu hukinga malaria. Ni kweli nusu tu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayekingwa ni yule aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja. Aliyerithi kwa wote wawili ndiye mgonjwa. Utafiti wa Julie Makani na wenzake katika Hospitali ya Muhimbili ulikuta wagonjwa hawa hupatikana na vimelea vya malaria mara chache kuliko wengine. Ila wakilazwa navyo, upungufu mkubwa wa damu na kifo huwa karibu.

Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Korogwe inaijua malaria: watoto wa hapa walishiriki majaribio makubwa ya RTS,S, chanjo ya malaria, yaliyoanza 2009. Lakini ni wazazi wangapi wanaijua damu ya watoto wao?

Kipimo ni tone la damu. Akigundulika mapema, mtoto hupewa dawa ya kumkinga na malaria, foliki asidi, na penisilini mpaka afike miaka 5. Mzazi mwenzangu, mpeleke akapimwe akiwa mzima. Na ukishajua, siku ya homa mwambie daktari mlangoni, kabla hata kidole hakijatobolewa: huyu ana selimundu.